Vidonge Vinane kwa Siku: Matumizi Salama ya Parasetamoli kwa Watu Wazima

Utangulizi

Ni nyumba chache ambazo hazina parasetamoli. Hupatikana katika famasi, katika maduka ya dawa muhimu, na mara nyingi hata katika duka la mtaani, karibu na sukari na sabuni. Jina la Panadol limezoeleka kiasi kwamba wanunuzi wengi hulitumia kuita kidonge chochote cheupe cha maumivu, hata kama kimetengenezwa na kiwanda kingine na kina jina jingine. Mnunuzi haulizwi cheti, na mara chache huulizwa uzito wake, dawa nyingine anazotumia au hali ya ini lake.

Imani hiyo kubwa ina msingi wake. Ikitumiwa kwa kipimo sahihi, parasetamoli ni miongoni mwa dawa salama zaidi za kutuliza maumivu na kushusha homa. Haichubui tumbo kama aspirini, ibuprofeni na diklofenaki zinavyoweza kufanya. Kwa sababu hiyo ndiyo hupendekezwa kwanza kwa mwenye vidonda vya tumbo, kwa mama mjamzito na kwa mgonjwa anayeshukiwa kuwa na homa ya dengue. Hata hivyo, usalama huo umezaa dhana potofu kwamba dawa hii haina madhara na kwamba kuzidisha kidogo si neno. Dhana hiyo ni ya hatari, kwa kuwa umbali kati ya kipimo cha juu kinachoruhusiwa na kipimo kinachoweza kuharibu ini si mkubwa.

Baada ya kusoma somo hili, msomaji ataweza:

1. kutaja kipimo salama cha parasetamoli kwa mtu mzima na muda unaopaswa kupita kati ya dozi moja na nyingine;
2. kueleza jinsi kipimo kilichozidi kinavyodhuru ini;
3. kutambua parasetamoli iliyofichika ndani ya dawa nyingine;
4. kuwatambua watu wanaohitaji kupunguziwa kipimo;
5. kuchukua hatua zinazofaa kipimo kinapozidi.

Dawa yenyewe

Parasetamoli ilitengenezwa kwa mara ya kwanza katika maabara mwaka 1878, lakini ilikaa kwa miongo mingi bila kutumiwa sana. Mwishoni mwa miaka ya 1940 watafiti Bernard Brodie na Julius Axelrod, nchini Marekani, walionyesha kwamba dawa mbili za zamani za maumivu hugeuzwa na mwili kuwa parasetamoli, na kwamba hiyo ndiyo inayoleta nafuu. Katika miaka ya 1950 ikaanza kuuzwa kwa wingi, Marekani kwa jina la Tylenol na Uingereza kwa jina la Panadol. Nchini Marekani huitwa asetaminofeni. Majina hayo mawili ni ya dawa ile ile, jambo ambalo anayeletewa dawa na ndugu aliye ng'ambo anapaswa kulijua.

Kidonge kikimezwa, nafuu huanza kuonekana baada ya dakika 30 hadi 60 na hudumu kwa saa nne hadi sita. Inafaa kwa maumivu madogo na ya wastani, kama ya kichwa, jino, misuli na hedhi, na kwa kushusha homa. Haiui vimelea vya malaria wala bakteria. Homa iliyoshuka baada ya kumeza parasetamoli si homa iliyopona, na mwenye homa bado anahitaji kupimwa malaria na kuchunguzwa chanzo kingine.

Kipimo cha mtu mzima

Kidonge cha kawaida katika Afrika Mashariki kina miligramu 500. Kwa mtu mzima mwenye afya njema na uzito wa kilo 50 au zaidi, kanuni ni hizi:

- Dozi moja ni kidonge kimoja au viwili, yaani miligramu 500 hadi 1,000.
- Dozi hurudiwa pale tu maumivu au homa inaporudi, na si kabla ya saa nne kupita. Muda wa saa sita ni bora zaidi.
- Jumla ya vidonge ndani ya saa 24 isizidi vinane, yaani miligramu 4,000 au gramu nne.
- Bila ushauri wa mhudumu wa afya, dawa isitumiwe kwa zaidi ya siku tatu.

Vidonge vinane ni mpaka wa juu kabisa, na hakuna ulazima wa kuufikia. Anayepata nafuu kwa kidonge kimoja hana sababu ya kumeza viwili. Tena, kumeza vitatu au vinne kwa mkupuo hakuongezi nafuu inayolingana na hatari yake. Maumivu ambayo hayatulizwi na miligramu 1,000 yanahitaji uchunguzi au dawa ya aina nyingine.

Saa 24 zinahesabiwa kutoka dozi ya kwanza, wala hazianzi upya jua linapochomoza. Aliyemeza vidonge vinane kati ya saa sita mchana na saa sita usiku hawezi kuanza hesabu mpya alfajiri. Inampasa kusubiri hadi saa sita mchana inayofuata.

Yanayotokea ndani ya ini

Sehemu kubwa ya parasetamoli iliyomezwa huunganishwa na kemikali za mwili katika ini, ikawa haina madhara, kisha hutoka kwa njia ya mkojo. Sehemu ndogo, takriban asilimia 5 hadi 10, hupita njia nyingine na kugeuzwa kuwa kemikali kali yenye sumu. Katika kipimo cha kawaida sumu hiyo haina nafasi ya kudhuru, kwa sababu seli za ini zina akiba ya kinga iitwayo glutathioni, ambayo huishika sumu hiyo papo hapo na kuizima.

Kipimo kikizidi, njia za kawaida hulemewa, sumu nyingi zaidi hutengenezwa, na akiba ya glutathioni hutumika kwa kasi kuliko ini linavyoweza kuijaza. Akiba ikikaribia kwisha, sumu hushika seli za ini zenyewe na kuziua. Hivyo madhara hutegemea mambo mawili: wingi wa dawa iliyoingia mwilini na ukubwa wa akiba ya mhusika. Mtu aliyekaa siku kadhaa bila kula vizuri ana akiba ndogo, na kipimo ambacho mwingine angekivumilia kinaweza kumdhuru.

Mnamo mwaka 1966 madaktari huko Scotland waliripoti wagonjwa waliokufa kwa kuharibika kwa ini baada ya kumeza parasetamoli kupita kiasi. Tangu hapo hatari hiyo imethibitishwa duniani kote. Uingereza ilipunguza idadi ya vidonge katika pakiti moja mwaka 1998: vidonge 16 katika maduka ya kawaida na 32 katika famasi.

Majina mengi, dawa moja

Si kila anayezidisha kipimo hukusudia kufanya hivyo. Wengi hufikia kiasi cha hatari kwa kuchanganya dawa zenye majina tofauti bila kujua kwamba ndani yake mna kitu kimoja. Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya kufundishia.

Mama wa kilo 56 anaumwa jino, na pia ana mafua. Asubuhi ananunua vidonge vyeupe vya parasetamoli na kumeza viwili, mara nne kwa siku. Jirani anampa dawa ya mafua ambayo kila kidonge kina miligramu 500 za parasetamoli pamoja na dawa ya kuzibua pua; anameza kimoja mara tatu kwa siku. Jioni, jino linapozidi, duka jingine linampa kidonge chenye mchanganyiko wa diklofenaki na miligramu 500 za parasetamoli. Anameza viwili kwa siku. Hesabu yake ni hii:

- vidonge vyeupe: 8 × miligramu 500 = miligramu 4,000;
- dawa ya mafua: 3 × miligramu 500 = miligramu 1,500;
- dawa ya mchanganyiko: 2 × miligramu 500 = miligramu 1,000;
- jumla kwa siku: miligramu 6,500.

Hakuna hata dawa moja kati ya hizo tatu aliyoizidisha. Kila moja ameitumia kama alivyoelekezwa. Hata hivyo, jumla imevuka mpaka kwa gramu mbili na nusu, sawa na miligramu 116 kwa kila kilo ya uzito wake. Akiendelea hivyo kwa siku tatu, huku jino likimzuia kula, ini lake litakuwa katika hatari ya kweli, ingawa yeye mwenyewe ataapa kwamba hakuzidisha kitu.

Dawa za kuchunguzwa kwa makini ni za mafua na kikohozi, vidonge vya maumivu vyenye kafeini, vyenye kodeini, na vile vilivyochanganywa na diklofenaki, ibuprofeni au aspirini. Vidonge vinavyoletwa kutoka nje navyo vina vipimo tofauti. Vipo vya miligramu 325, 500 na 650, na vya kutoa dawa polepole vya miligramu 665, ambavyo mtu mzima hapaswi kuzidisha sita kwa siku. Aliyewekewa dripu ya parasetamoli hospitalini aihesabu pia, ili asimeze vidonge mara tu afikapo nyumbani.

Kanuni ya kushika ni moja: husomwa jina la kemikali lililoandikwa kwa herufi ndogo, si jina la biashara lililoandikwa kwa herufi kubwa. Dawa mbili zenye parasetamoli zisitumiwe pamoja.

Wanaohitaji kupunguziwa kipimo

Vidonge vinane si kipimo cha kila mtu mzima. Wafuatao wanahitaji kipimo kidogo zaidi, na wengine wanahitaji kumwona daktari kwanza:

Wenye uzito chini ya kilo 50. Hawa hupimwa kwa uzito: miligramu 15 kwa kila kilo kwa dozi moja, na zisizidi miligramu 60 kwa kila kilo kwa siku. Mtu wa kilo 40, kwa mfano, asizidishe miligramu 600 kwa dozi wala miligramu 2,400 kwa siku. Kwa vidonge vya miligramu 500, hicho ni kidonge kimoja kwa dozi na visivyozidi vinne kwa siku. Wazee waliokonda na wagonjwa waliopungua mwili huangukia kundi hili, na bila mizani hawatambuliki kwa urahisi.

Wanywaji wa pombe wa kila siku. Pombe ya muda mrefu huongeza utengenezaji wa sumu katika ini na hupunguza akiba ya glutathioni. Mazoea ya kumeza vidonge vingi asubuhi baada ya ulevi, tumbo likiwa tupu, ni ya hatari.

Wenye ugonjwa wa ini. Wengi wao wanaweza kutumia dawa hii kwa kipimo kidogo, mara nyingi kisichozidi gramu mbili kwa siku, lakini kwa maelekezo ya daktari.

Wasiokula vizuri, wakiwemo wenye utapiamlo, waliofunga kwa muda mrefu na wanaotapika kwa siku kadhaa.

Wanaotumia dawa nyingine. Isoniazidi ya kifua kikuu, pamoja na fenobabitoni, fenitoini na kabamazepini za kifafa, zinaweza kuongeza hatari kwa ini. Anayetumia wafarini akimeza parasetamoli kila siku kwa siku kadhaa, damu yake inaweza kuwa nyepesi kupita kiasi, inafaa apimwe.

Mama mjamzito anaweza kutumia parasetamoli kwa kipimo kidogo kinachomfaa na kwa muda mfupi iwezekanavyo. Homa katika ujauzito, hata ikishuka, ni sababu ya kwenda kliniki siku hiyo hiyo.

Tatizo la "mbili kutwa mara tatu"

Maandishi ya "2 × 3" kwenye bahasha ya dawa ni mafupi mno. Mgonjwa akiambiwa "mbili kutwa mara tatu", huenda akaelewa kwamba dozi zote tatu zimezwe kati ya asubuhi na jioni, kwa kuwa kutwa ni mchana wote. Usiku maumivu yakirudi, humeza nyingine nje ya hesabu.

Kuna utata mwingine ulio wa lugha yenyewe. Agizo la "kila saa sita" linaweza kusikika kama "saa sita", yaani adhuhuri na usiku wa manane. Ni heri mtoa dawa aandike saa zenyewe. Kwa dozi nne za siku, ratiba inaweza kuwa hivi: saa moja asubuhi, saa saba mchana, saa moja jioni, saa saba usiku. Dozi ya usiku isiamshe mtu aliyelala. Huachwa kama maumivu yametulia, na dozi iliyoachwa haifidiwi kwa kumeza mara mbili baadaye.

Kabla ya kukabidhi vidonge, mtoa dawa anapaswa kuuliza maswali matano:

1. Ni dawa gani nyingine, hata ya mafua, zimemezwa tangu jana?
2. Uzito ni kilo ngapi?
3. Je, kuna ugonjwa wa ini, au pombe hunywewa kila siku?
4. Je, mgonjwa anakula?
5. Maumivu au homa imedumu siku ngapi?

Maswali haya huchukua dakika moja. Jibu la swali la tano likizidi siku tatu, mgonjwa apewe rufaa, asipewe pakiti nyingine.

Kipimo kikizidi

Ugumu mkubwa wa sumu ya parasetamoli ni ukimya wake. Katika saa 24 za kwanza mtu anaweza kuhisi kichefuchefu, kutapika au kutokwa jasho, au asihisi chochote. Siku ya pili kichefuchefu kinaweza hata kupungua, huku maumivu yakianza chini ya mbavu za kulia na vipimo vya damu vikionyesha ini linaumia. Kati ya siku ya tatu na ya nne huweza kuonekana macho ya manjano, kutokwa damu, kuchanganyikiwa na kupoteza fahamu. Figo nazo zinaweza kushindwa. Anayesubiri dalili ili aamini kuna tatizo huwa amepoteza saa zile ambazo tiba ingemsaidia zaidi.

Nyumbani, hatua ni hizi:

- Mgonjwa apelekwe mara moja kwenye kituo cha afya au hospitali, hata kama anajisikia mzima.
- Asitapishwe, wala asipewe maziwa au mafuta. Havizimi sumu hii.
- Pakiti zote zilizotumika zibebwe, na saa ya kumeza ikumbukwe.
- Aliyemeza kwa kusudi asikemewe wala kuachwa peke yake. Anahitaji tiba ya ini na pia msaada wa mtaalamu wa afya ya akili.

Mtu mzima aliyemeza kwa mkupuo miligramu 150 au zaidi kwa kila kilo yuko katika hatari kubwa. Lakini miongozo ya Uingereza humtaka achunguzwe hata yule aliyezidisha kipimo kinachoruhusiwa na kupita miligramu 75 kwa kila kilo ndani ya saa 24. Mama wa mfano uliotangulia yumo katika kundi hilo tangu siku ya kwanza.

Kwa wahudumu wa hospitali

Mkaa wa tiba, gramu 50, husaidia hasa ukitolewa ndani ya saa moja tangu dawa kumezwa. Dawa ya kuzima sumu ni asetilisisteini, ambayo hulisaidia ini kujaza upya akiba ya glutathioni. Ikianza ndani ya saa nane, huzuia karibu madhara yote makubwa ya ini. Ikichelewa bado ina faida, na haifai kunyimwa mgonjwa kwa sababu amechelewa. Kwa njia ya mshipa, utaratibu uliozoeleka ni miligramu 150 kwa kilo katika saa ya kwanza, 50 kwa kilo katika saa nne zinazofuata, na 100 kwa kilo katika saa 16 za mwisho. Vipele, mwasho au kukohoa wakati wa dozi ya kwanza hudhibitiwa kwa kusimamisha dripu kwa muda na kutoa dawa ya mzio, kisha huendelea polepole. Pasipo asetilisisteini, metionini ya kumeza ni mbadala katika saa za mwanzo.

Kiwango cha dawa katika damu hupimwa kuanzia saa nne baada ya kumeza na kulinganishwa na chati ya Rumack na Matthew ya mwaka 1975. Chati hiyo haifai kwa aliyemeza kidogo kidogo kwa siku kadhaa, wala kwa asiyejua saa aliyomeza. Hapo, na pale ambapo maabara haina kipimo hicho, uamuzi hutegemea jumla ya dawa iliyomezwa, uzito, vimeng'enya vya ini, muda wa damu kuganda, figo na sukari ya damu. Shaka ikiwa ya msingi, tiba ianze huku majibu yakisubiriwa.

Maswali ya kujipima

1. Mzee wa kilo 44 ana maumivu ya magoti. Ni vidonge vingapi vya miligramu 500 anavyoweza kumeza kwa siku?
2. Kijana amemeza dozi ya vidonge viwili saa mbili asubuhi. Saa nne asubuhi kichwa bado kinauma. Afanye nini?
3. Mgonjwa alimeza vidonge 30 jana jioni. Leo anasema hajisikii vibaya na anataka kurudi nyumbani. Jibu sahihi ni lipi?

Majibu

1. Miligramu 60 × 44 ni miligramu 2,640. Vidonge visizidi vitano kwa siku, kimoja kwa kila dozi.
2. Asubiri. Zimepita saa mbili tu. Dozi nyingine si kabla ya saa sita mchana, na ni bora zaidi saa nane mchana. Maumivu makali yasiyotulia, au yanayoambatana na homa, shingo kukakamaa au kuona ukungu, hayasubiri dozi. Ni ya kupelekwa hospitali.
3. Asiruhusiwe. Amemeza gramu 15, na kutokuwa na dalili katika siku ya kwanza si ushahidi wa usalama. Apewe asetilisisteini bila kusubiri manjano, apimwe ini na damu, na azungumze na mtaalamu wa afya ya akili kabla ya kuondoka.